Jinsi ya Kuichunguza, Kuivaa na Kuitunza Netsuke

Kimono haina mifuko. Katika enzi ya Edo, iliyoanza mwaka 1603 na kumalizika mwaka 1868, mwanamume wa Japani aliyetaka kutembea na tumbaku, fedha, dawa au muhuri wake alivitundika vitu hivyo kwenye mshipi wake wa kiunoni, uitwao obi, kwa kigwe cha hariri. Mzigo ulining'inia chini ya mshipi, na ili kigwe kisiteleze kikachomoka, ncha yake ya juu ilifungiwa kishikizo kidogo cha kuchongwa, kilichokaa juu ya ukingo wa mshipi na kuuzuia mzigo usianguke. Kishikizo hicho ndicho netsuke. Wanawake walitia vitu vidogo ndani ya mikono mipana ya kimono au wakavichomeka kwenye mikunjo ya mshipi, kwa hiyo netsuke ilikuwa hasa pambo la wanaume.

Anayeanza kuzipenda netsuke huvutwa kwanza na sura zake: panya aliyejikunja juu ya mkia wake, mzee anayecheka, chura juu ya kandambili ya majani. Uzuri huo ni wa kweli, lakini peke yake haumwongozi vizuri mnunuzi wala mtazamaji. Ninavyoamini mimi, netsuke ni chombo cha kazi kabla ya kuwa sanamu, na karibu kila swali tunalojiuliza kuihusu, iwe ni kama imechongwa kwa ustadi, kama ni ya zamani, au kama ni ya kughushi, hupata jibu lake la kwanza tunapouliza jinsi ambavyo ingekaa kwenye kigwe na juu ya mshipi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na uvaaji.

Kufunga na kuvaa

Mfumo kamili una sehemu nne, nazo ni chombo kinachobebwa, kigwe, ushanga uitwao ojime, na netsuke. Vyombo vinavyobebwa kwa jumla huitwa sagemono. Kinachojulikana zaidi ni inro, kijaluba chembamba chenye vyumba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufunikana barabara, ambacho mwanzoni kilibeba mihuri na baadaye kikabeba dawa. Wengine walitundika mfuko wa tumbaku pamoja na ala ya kiko, au mfuko wa fedha uitwao kinchaku, au yatate, yaani kifaa cha kubebea wino na brashi ya kuandikia.

Ili kuifunga inro, chukua kigwe kimoja kirefu cha hariri. Kipitishe katika mfereji wa upande mmoja wa inro kutoka juu kwenda chini, kizungushe chini ya kitako, kisha kipandishe katika mfereji wa upande wa pili mpaka ncha zote mbili zitokeze juu zikiwa na urefu ulio sawa. Pitisha ncha hizo kwa pamoja katika tundu la ojime, halafu ziingize katika tundu moja la netsuke na kuzitoa katika tundu la pili. Zifunge fundo dogo lililokaza, punguza ncha zilizozidi, kisha vuta kigwe ili fundo lizame ndani ya tundu lililo pana na lisionekane tena. Ojime ikisukumwa chini, vyumba vya inro hubanana na havifunguki hata mtu akienda mbio. Ikivutwa juu, kigwe hulegea na chumba chochote kinafunguka bila fundo kuguswa.

Katika kuvaa, funga kwanza kimono na mshipi. Mshipi unaofaa ni kaku obi, ule mgumu wa wanaume, kwa maana heko obi, ambao ni laini na wa kujikunja, hulegea ukibebeshwa uzito. Shika netsuke, iingize kutoka chini katikati ya mshipi na kimono, na uipandishe taratibu mpaka itokeze juu ya ukingo wa mshipi. Igeuze uso wake utazame nje, kisha vuta inro chini polepole mpaka netsuke iegemee mshipi na kutulia. Mahali pake ni nyonga ya kulia, kwa sababu upande wa kushoto samurai alichomeka panga zake, na chochote kilichoning'inia huko kingemzuia.

Netsuke ikipinduka kichwa chini, ikionyesha mgongo badala ya uso, au ikichoma mbavu kila unapoinama, tatizo liko katika netsuke yenyewe au katika jinsi kigwe kilivyopitishwa. Jaribu kugeuza njia ya kigwe, kiingie katika tundu kilipokuwa kikitokea. Ikiwa bado inapinduka, basi mchongaji hakuipima kwa mshipi, na hilo ni jambo la kukumbuka tutakapofika kwenye uchunguzi.

Ninashauri kwa nguvu kwamba netsuke ya karne ya 18 au 19 isivaliwe kwa kigwe chake cha zamani, kwani hariri ya umri huo hukatika bila kutoa dalili. Anayetaka kuvaa kila siku atafanya vizuri zaidi kutafuta kazi ya mchongaji aliye hai. Wapo wengi, Japani na nje yake, na wanachonga vitu vya kuvaliwa.

Maumbo utakayokutana nayo

Umbo lililozoeleka ni katabori, sanamu ndogo iliyochongwa pande zote, na nyingi katika hizo zina urefu wa sentimita 3 hadi 5. Manju ni ya duara na bapa, na mara nyingi ina nusu mbili zinazofungana. Ikitobolewa nakshi za kupitisha mwanga huitwa ryusa. Kagamibuta ni bakuli dogo la pembe au mti lenye kifuniko cha madini, na hapo nakshi yote imo katika kifuniko hicho, kazi ya mafundi waliokuwa wakipamba panga. Kigwe cha kagamibuta huingia katika tundu la nyuma ya bakuli na kufungwa kwenye kipete kilicho nyuma ya kifuniko, hivyo uzito wa mzigo wenyewe ndio unaokishikilia kifuniko mahali pake. Kuna pia sashi, ndefu na nyembamba, inayochomekwa ndani ya mshipi kama ala ya kisu, na obi-hasami, ambayo hukumbatia mshipi kwa kulabu zake za juu na chini. Nyingine ni nakala ndogo za barakoa za tamthilia ya Noh.

Kuichunguza mkononi

Kaa mahali penye mwanga wa mchana, tandika kitambaa laini mezani, na uwe na kioo cha kukuza mara kumi. Kabla ya kutumia kioo, ishike netsuke na ufumbe macho. Iviringishe kiganjani. Netsuke nzuri haina ncha inayokwaruza wala kiungo kinachonasa, kwa sababu mvaaji alipita nayo kwenye hariri mara nyingi kila siku, na ncha moja tu ingetosha kuchana nguo yenye thamani kubwa kuliko netsuke. Hapo ndipo ustadi wa mchongaji ulipopimwa: alitakiwa kumkunja ng'ombe, sungura au joka mpaka miguu, masikio na mkia viingie ndani ya umbo moja lililoshikamana, na bado mnyama aonekane yuko hai na ametulia katika pozi lake. Tomotada wa Kyoto, fundi wa karne ya 18, alisifika kwa ng'ombe waliolala, miguu imekunjwa chini ya tumbo na kamba ya puani imepita juu ya mgongo, na katika kazi hiyo huoni mahali ambapo umbo limelazimishwa. Ni kweli kwamba netsuke za zamani za watu warefu, kama wale watawa wa milimani waitwao sennin au wafanyabiashara wa Kiholanzi, ni ndefu na zimesimama wima, lakini hata hizo ukizipitisha vidole utakuta kingo zake zimelainishwa.

Sasa tazama matundu ya kigwe, yanayoitwa himotoshi. Kwa maoni yangu hakuna sehemu inayosema ukweli zaidi ya hii. Kwa kawaida ni mawili, na moja ni pana kuliko jingine ili fundo lijifiche ndani yake. Yamewekwa mahali ambapo, netsuke ikitundikwa, itakaa wima na uso wake utatazama nje. Wachongaji wengine hawakutoboa kabisa: walipitisha kigwe katika uwazi uliotokana na umbo lenyewe, kati ya mkono na kiuno, au chini ya mkia uliojikunja. Pitisha uzi mwembamba kwa uangalifu, uining'inize netsuke, na uone inavyokaa. Matundu mawili yenye upana ule ule, yaliyotobolewa kwa mashine na yenye kingo kali, yakiwa mahali ambapo sanamu itaning'inia kichwa chini, yanakuambia kwamba aliyeyatoboa hakuwa na mshipi akilini. Huenda ni nakala ya kuuziwa watalii, au ni okimono, yaani sanamu ya kuweka mezani, iliyotobolewa baadaye ili ipande bei. Okimono zilichongwa kwa wingi baada ya mwaka 1868, Wajapani walipoanza kuvaa suti zenye mifuko na sigara ikachukua nafasi ya kiko. Wachongaji waliokosa wateja wa nyumbani waligeukia wanunuzi wa Ulaya na Marekani.

Baada ya matundu fuatilia uchakavu. Netsuke iliyovaliwa miaka mingi imelainika pale iliposuguana na mshipi na pale ilipoguswa na vidole, nayo mistari ya nywele au manyoya katika sehemu hizo imefifia, huku ndani ya mikunjo ikibaki mikali. Ukingo wa himotoshi nao umelika na kung'aa kwa upande mmoja, ule ambao kigwe kiliuvuta. Anayeghushi hupaka rangi ya kahawia au chai juu ya kitu chote, kisha hufuta sehemu zilizoinuka, na matokeo yake ni uchakavu ulio sawa kila mahali, hata pale ambapo mshipi usingefika kamwe. Mkono wa binadamu na mshipi haviwezi kuchakaza kitu kwa usawa wa namna hiyo.

Malighafi huhitaji subira. Zilizotumika zaidi ni pembe za ndovu na mti wa tsuge, ulio mgumu, wa rangi ya manjano, na wenye nyuzi zilizobanana kiasi cha kupokea mistari myembamba sana bila kumeguka. Japani haina ndovu, na pembe ziliagizwa kutoka nje. Vipande vya pembe vyenye umbo la pembetatu, vilivyobaki kwa watengenezaji wa vipigio vya shamisen, ala ya muziki yenye nyuzi, viliuzwa kwa wachongaji, na ndiyo sababu baadhi ya netsuke za pembe zina umbo la pembetatu ukizitazama kutoka chini. Mahali pengine malighafi ilitokana na mazingira. Huko Iwami, Tomiharu, aliyeishi kati ya mwaka 1733 na 1810, pamoja na wanafunzi wake, walichonga buibui na viumbe vingine vidogo juu ya meno ya nguruwe mwitu. Huko Takayama, Sukenaga alitumia mti wa ichii, na huko Asakusa katika jiji la Edo, Kokusai alipata umaarufu kwa pembe za kulungu, ambazo wengine walizidharau kwa sababu moyo wake una vitundu kama sifongo.

Pembe ya ndovu ya kweli, ikitazamwa mahali ilipokatwa kwa upana, huonyesha mistari inayokatizana kama wavu mwembamba. Mfupa hauna wavu huo. Una vidoa na vistari vyeusi, ambavyo ni njia za mishipa ya damu. Plastiki haina kimojawapo, au ina mistari inayokwenda sambamba bila kubadilika, na mara nyingi kwenye mikunjo yake utaona mshono wa kalibu au viputo vya hewa. Chini ya taa ya miale ya urujuanimno, pembe hung'aa kwa weupe wenye ubuluu, ilhali plastiki nyingi hubaki hafifu. Wapo wanaoshauri kuchoma kitu kwa sindano ya moto ili kunusa harufu yake. Usifanye hivyo kamwe, wala usikubali muuzaji akufanyie, kwa kuwa alama ya sindano haitoki.

Kisha angalia ufundi ambao mashine na kalibu haviuwezi kwa urahisi. Macho mengi yametiwa kwa pembe nyeusi au kaharabu, na katika kazi bora kila jicho limekaa katika tundu lake bila ufa wala gundi inayoonekana. Mbinu inayonistaajabisha kuliko zote ni ukibori, inayotumika kutengeneza vipele vya ngozi ya chura au maandishi yaliyoinuka. Mchongaji hubonyeza nukta kwenye mti kwa chombo butu, kisha hukwangua uso mzima mpaka usawa wa vibonyeo, na mwisho hulowesha mti kwa maji. Nyuzi zilizobonyezwa huvimba na kuinuka juu ya uso uliokwanguliwa. Chini ya kioo, kipele cha ukibori ni laini na cha mviringo, hakina alama ya patasi kandokando yake.

Sahihi nimeiacha mwisho kwa makusudi, ingawa ndiyo ambayo wauzaji huitaja mwanzo. Mara nyingi ni herufi mbili za jina, wakati mwingine zikifuatwa na herufi inayosomwa saku au to, inayoeleza kwamba aliyetajwa ndiye aliyechonga, au alama ya mkono iitwayo kao. Thamani yake kama ushahidi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kitabu Soken Kisho, kilichochapishwa Osaka mwaka 1781 na Inaba Tsuryu, mfanyabiashara aliyewaorodhesha wachongaji zaidi ya 50, tayari kilionya kwamba ng'ombe wa Tomotada walikuwa wakiigwa sana. Wanafunzi waliandika jina la mwalimu, majina kama Masanao yalitumiwa na wachongaji wa Kyoto na vilevile wa Yamada huko Ise, na Shuzan wa Osaka, aliyepaka rangi netsuke zake za mti wa mvinje, hakutia sahihi kabisa. Kwa hiyo soma sahihi baada ya kuridhika na matundu, umbo na uchakavu, na uulize kama inalingana na kazi uliyoiona. Netsuke bora isiyo na jina ina thamani kuliko dhaifu yenye jina kubwa.

Jicho la kufanya uchunguzi huu hujengwa kwa kuona vitu ambavyo uhalisi wake hauna mashaka. Kyoto kuna Kyoto Seishu Netsuke Art Museum, iliyofunguliwa mwaka 2007 katika nyumba ya kale ya samurai, na humo utaona kazi nyingi za wachongaji wa sasa. Tokyo National Museum ina mkusanyo wa Prince Takamado, Los Angeles County Museum of Art ina mkusanyo wa Raymond na Frances Bushell, na British Museum ina mkusanyo mkubwa wake. Makumbusho haya yameweka picha nyingi mtandaoni. Unapozitazama, tafuta zile zinazoonyesha upande wa chini, kwa sababu picha ya uso peke yake haikufundishi himotoshi.

Sheria ya pembe, na utunzaji

Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku na nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, kwa uamuzi wa mwaka 1989, na ninaiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote. Hakuna netsuke mpya inayostahili uhai wa ndovu. Kwa vitu vya kale sheria hutofautiana. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika Juni 2022, netsuke ya pembe tupu haiwezi kuuzwa kwa mtu binafsi isipokuwa ilitengenezwa kabla ya mwaka 1918 na imepewa cheti cha kuwa na thamani ya kipekee kisanaa, kitamaduni au kihistoria. Marekani ilikaza masharti yake mwaka 2016 na hudai uthibitisho kwamba kitu kina umri wa angalau miaka 100. Ndani ya Japani soko la pembe limeendelea kuruhusiwa kwa masharti, lakini risiti ya duka la Kyoto si kibali cha kuvuka mpaka. Anayeanza atajiepusha na usumbufu huu wote akichagua netsuke za mti, ambazo kwa ukibori na mng'aro wake hazipitwi na pembe kwa lolote.

Netsuke ya mti hunufaika kwa kushikwa mara kwa mara na mikono mikavu iliyo safi. Pembe hushikwa kwa kiasi, haioshwi kwa maji, haipakwi mafuta, na huwekwa mbali na jua, taa zenye joto na upepo mkavu wa viyoyozi, kwa kuwa unyevu wa hewa ukishuka ghafla hupasuka kufuata nyuzi zake. Wakusanyaji wengi huweka glasi ndogo ya maji ndani ya kabati la kioo ili hewa isikauke. Yenye laka hushikwa kwa kitambaa tu, maana jasho la vidole huacha alama na mwanga mkali huififisha. Vumbi la kwenye mikunjo litolewe kwa brashi laini ya rangi, pasipo sabuni. Epuka kuziviringisha katika kitambaa chenye rangi kali inayochujuka, na raba isiguse pembe, kwa sababu vyote viwili huacha madoa.

Kila netsuke unayoipata ipige picha pande sita, pamoja na himotoshi na sahihi, uandike vipimo vyake kwa milimita, malighafi, uliyemnunulia na mwaka, kisha uihifadhi risiti pamoja na vibali vyake mahali pamoja. Sanduku la mti la zamani ambalo netsuke ilikuja nalo usilitupe hata kama limepasuka, kwani maandishi ya kifunikoni huenda yakawa kumbukumbu pekee ya waliowahi kuimiliki.